Nimemaliza Red Dead Redemption 2, sasa gemu zote hazina ladha. Nina tatizo?

«Yaya, nina miaka 27, ninaishi Kampemba hapa Lubumbashi, ninauza vipuri vya magari. Miezi miwili iliyopita nilimaliza Red Dead Redemption 2 kwenye PS4 ya mtumba. Sikujiandaa: Arthur, mhusika mkuu, alipoanza kukohoa nilimkumbuka baba mkubwa aliyenilea, naye aliondoka na kifua kikuu, na mwishoni nililia kama mtoto. Tangu hapo hakuna gemu inayoniingia. Ghost of Tsushima nimeiacha sehemu ya kwanza. Elden Ring imenipiga siku nzima, nikaifuta. The Last of Us Part II nimeimaliza kwa hasira, naona ni gemu mbaya kuliko zote nilizowahi kucheza, lakini watu wanaisifu. Wenzangu wanacheza mpira tu kwenye konsoli, wananicheka kwamba nalilia mtu wa kuchorwa. Mchumba wangu anasema nimeshakuwa mtumwa wa gemu. Je, kichwa changu kina shida, au gemu za siku hizi zimeharibika? Nicheze nini sasa? Halafu nisaidie na hili: umeme ulikatika nikiwa karibu na mwisho, faili ikaharibika, nikarudia sehemu kubwa.»

Mdogo wangu, umeuliza mengi kwa pumzi moja, ila nadhani linalokunyima usingizi ni moja tu: mtu mzima akilia kwa sababu ya gemu, kisha akakosa hamu ya gemu nyingine, ni mgonjwa? Kwa ninavyoisoma barua yako, hapana. Gemu nazo hazijaharibika. Kuna kitu kingine kilichotokea, na kinaelezeka. Mimi ni mwanasaikolojia, na maneti, yaani kidhibiti cha mkononi cha gemu, nimeishika tangu enzi za PlayStation ya kwanza, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa kazi na kama mchezaji, na pale ambapo mchezaji ana maoni yake sitamzuia.

Tahadhari kwa wasomaji wengine: nitasema jinsi Red Dead Redemption 2 na The Last of Us Part II zinavyoisha. Ambaye hajafika huko aache kusoma hapa arudi baadaye, sitakasirika.

Nianze na maneno uliyoyapitia mbio: baba mkubwa aliyenilea. Umeyabana katikati ya majina ya gemu kama jambo dogo, kisha ukaendelea kuzungumzia maneti na umeme. Mimi nilikwama hapo.

Angalia gemu yenyewe imefanya nini. Ni mwaka 1899. Mapema kabisa, Arthur anatumwa kudai deni kwa mkulima mmoja dhaifu, Thomas Downes. Anampiga, na yule mzee anamkoholea damu usoni. Tukio linapita kwa sekunde chache, mchezaji anarudi kuwinda na kuiba treni, anasahau. Saa nyingi baadaye Arthur anaanguka barabarani mjini Saint Denis, daktari anamtazama na kumwambia ni kifua kikuu, apumzike, aende mahali penye joto na hewa kavu. Basi. Hicho ndicho daktari wa wakati ule angeweza kukupa. Robert Koch alikuwa ameshamtambua mdudu wa ugonjwa huo mwaka 1882, lakini dawa ya kwanza iliyomuua kweli, streptomisini, ilipatikana 1943. Kati ya miaka hiyo daktari aliweza kukutajia jina la kitakachokuua, na asiweze kukizuia.

Sasa mpe gemu hiyo kijana wa Lubumbashi, mji uliokulia kwenye migodi ya shaba, ambako familia nyingi zinajua kikohozi kisichoisha. Mpe kijana ambaye aliyemlea alikohoa hivyohivyo. Halafu usimwonyeshe filamu ya saa mbili, mweke ndani ya mwili wa mgonjwa kwa saa hamsini na zaidi. Ningeshangaa kama usingelia.

Wenzako wanadhani umelilia picha. Waulize Desemba 2010, Mazembe ilipofungwa 3-0 na Inter Milan kwenye fainali ya klabu bingwa ya dunia kule Abu Dhabi, hapa mjini wanaume wazima walilia nini. Wale wachezaji hawakuwa ndugu zao. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Horton na Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni wanaojenga uhusiano wa upande mmoja na mtangazaji: anawasalimu kila jioni, nao wanamwona kama mtu wa nyumbani ingawa yeye hawajui hata kwa jina. Tangu hapo jambo hilo limechunguzwa sana, na hakuna anayeliita ugonjwa. Ni moyo uleule unaotumia kwa majirani, umepata mtu mwingine wa kumshughulikia.

Gemu inaongeza mikono yako. Katika Red Dead Redemption 2 kila kitu ni kizito kwa makusudi: unavuta droo moja baada ya nyingine, unamchuna mnyama ukiona kila hatua, unampiga farasi brashi, unamlisha, unamtuliza akiogopa nyoka. Ilipotoka 2018 watu wengi walilalamikia uzito huo, na mimi katika sura ya kwanza, kule kwenye theluji, nilikuwa upande wao. Lakini ndio unaofanya kazi. Farasi anapopigwa risasi mwishoni, na Arthur akapiga magoti kumshukuru wakati maadui wako nyuma yake, wewe ndiye uliyempa yule farasi chakula kwa wiki kadhaa. Huwezi kuwa na moyo baridi hapo.

Kwa hiyo sehemu moja ya unachokihisi ni msiba wa baba mkubwa uliorudi kupitia mlango usioutarajia. Hilo hutokea, na halihitaji dawa. Linahitaji kusemwa. Ongea na mtu aliyemjua: mama mkubwa, au binamu mliyelala naye chumba kimoja. Mwambie tu ulimkumbuka na kwa nini. Si lazima umweleze Arthur Morgan ni nani.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kifua, niseme kabla sijasahau: kikohozi kikizidi wiki mbili nyumbani kwenu, msikisubiri. Kituo cha afya kinapima makohozi, dawa za kifua kikuu hutolewa bure kupitia mpango wa taifa, na kwa kawaida matibabu ni miezi sita. Arthur hakuwa na bahati hiyo.

Turudi kwenye ladha iliyopotea. Unasema hakuna gemu inayokuingia, halafu nikatazama ulichojaribu. Ghost of Tsushima: nchi kubwa iliyo wazi, farasi, mtu mmoja mwenye silaha, na swali kuu la gemu nzima ni heshima, kama alivyosumbuliwa nayo Arthur. Mtu aliyemaliza bukari (ugali) na samaki hadi akalegeza mkanda, umempelekea sahani nyingine ya bukari, na sasa unashangaa anasukuma sahani. Mpishi hana kosa.

Ubongo una namna yake ya kuhesabu furaha. Wolfram Schultz alipopima seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi, za nyani kwa miaka mingi, aliona kwamba seli hizo hulipuka zaidi zawadi inapokuja bila kutarajiwa, au inapozidi matarajio. Zawadi ikija vilevile kama ilivyotarajiwa, zinakaa kimya, hata kama zawadi ni ileile iliyomfurahisha nyani jana. Wewe umetoka kwenye gemu iliyopandisha matarajio yako hadi darini. Jua linalozama juu ya Tsushima ni zuri sana, lakini ubongo wako ulikuwa umeshalingojea.

Kuna na vidole pia. Arthur anatembea kama mtu aliyebeba mfuko wa saruji. Jin wa Tsushima ni mwepesi, anazuia upanga kwa kubonyeza kwa wakati wake, ukichelewa kidogo umekatwa. Saa hamsini za uzito zinabaki mikononi, na ukihamia kwenye wepesi unaona gemu mpya "haishikiki". Hilo huondoka lenyewe ukipumzika wiki mbili tatu.

Ukirudi Tsushima, na ningependa urudi, usiicheze kama orodha ya kazi. Ni mwaka 1274, Wamongolia wametua kisiwani, na gemu inakuongoza kwa upepo badala ya mstari kwenye ramani. Fuata upepo, fanya hadithi za watu, hasa za Bi Masako, na mapambano ya mtu mmoja kwa mmoja. Wale mbweha wanaokupeleka kwenye vihekalu waache. Wawili wa kwanza wanapendeza, baada ya hapo unakuwa mtumishi wa mbweha. Isitoshe gemu hiyo ina sauti za Kifaransa, wakati Red Dead ilikulazimisha kusoma maandishi chini ya skrini kwa sababu sauti zake ni za Kiingereza tu. Baada ya kazi ya siku nzima dukani, macho yatakushukuru.

Sasa The Last of Us Part II. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu umechanganya vitu viwili ambavyo karibu kila mchezaji huvichanganya: kukasirishwa na gemu, na gemu kuwa mbaya.

Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu waweke mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine waliwawekea sekunde 60 zilezile, kisha 30 za ziada ambazo maji yalipashwa kidogo tu, hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia zoezi lipi, wengi walichagua lile refu, ingawa lilikuwa na baridi nyingi zaidi kwa jumla. Tunapokumbuka jambo hatujumlishi dakika zote. Tunakumbuka pale palipokuwa pakali kuliko pote na jinsi lilivyoisha, mengine yanafifia.

Chukua hayo uyaweke kwenye gemu yako. Kilele cha The Last of Us Part II ni Joel kuuawa kwa fimbo ya gofu mbele ya Ellie, msichana aliyekuwa kama binti yake, mapema, na Abby, mtu ambaye baadaye utalazimishwa kumchezea. Mwisho wake: Ellie anamwachia Abby baharini bila kulipiza, anarudi shambani, nyumba ni tupu, anashika gitaa ambalo Joel alimfundisha, vidole viwili havipo, wimbo hautoki. Kilele cha hasira, mwisho wa upungufu. Mtu akikuuliza siku hiyohiyo gemu ilikuwaje, utasema ni mbaya, na unasema kweli kuhusu ulivyojisikia. Lakini huo bado si uamuzi kuhusu saa ishirini na kitu zilizo katikati: jinsi wale walinzi wanavyoitana kwa majina unapomuua mwenzao, jinsi nyasi ndefu zinavyokuwa rafiki yako pekee, ile hospitali ya chini Abby anayoshuka peke yake.

Maoni yangu? Ni gemu nzuri iliyokatwa vibaya. Pale ukumbi wa michezo wa kuigiza, Ellie na Abby wanapokutana uso kwa uso, hadithi inasimama na kukurudisha nyuma siku tatu ili uanze upya na mtu unayemchukia, ukiwa na silaha dhaifu. Naelewa walichotaka. Bado nadhani wangepishanisha siku za hao wawili, kidogo huku kidogo kule, tungemzoea Abby kabla ya kumhukumu. Na sehemu ya mwisho, Santa Barbara, ingepunguzwa nusu. Mwaka 2020 watu waligombana vikali juu ya gemu hiyo, na mwaka huohuo ikapewa tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards. Hakuna anayekulazimisha kuwa upande wa tuzo. Ninachokuomba ni kwamba uamuzi wako usiwe wa dakika kumi baada ya majina ya watengenezaji kupita.

Mimi mwenyewe ninapomaliza gemu ya hadithi ninaandika maoni kwenye daftari, naliacha, kisha ninaandika tena wiki kadhaa baadaye bila kusoma ya kwanza. Ninajiuliza ni tukio gani bado naliona nikifumba macho, na ni sehemu gani nilitamani ipite haraka. Nilipomaliza God of War Ragnarök nilijaza ukurasa mzima wa manung'uniko juu ya sehemu ya Ironwood, ambako Atreus, mwana wa shujaa Kratos, anazungushwa kuchuma matunda wakati dunia inaelekea kuisha. Ukurasa wa pili, wa baadaye, Ironwood imepata mstari mmoja (bado naiona ndefu mno), na nafasi yote iliyobaki imechukuliwa na mazungumzo ya Kratos na mwanawe. Jaribu na Part II. Ukiiandika mwezi ujao na bado ukaiona mbaya, basi ni mbaya kwako, na utakuwa na sababu za kuwaambia wanaoisifu.

Elden Ring nitaipita haraka. Yule mpanda farasi wa dhahabu anayekuua mara tu unapotoka pangoni amewekwa pale ili umkimbie. Gemu haikuambii, kwa kuwa watengenezaji wake, FromSoftware, hawapendi kuambia, na hakuna sehemu ya kupunguza ugumu. Mzunguke, upate nguvu kwingine, urudi ukiwa na farasi na mizimu ya kukusaidia. Ila kwa moyo ulio nao sasa, umefanya vema kuifuta. Hiyo ni gemu ya mtu mwenye subira, na yako yote umeitumia kwa Arthur.

Kuacha gemu njiani si kushindwa. Fungua orodha ya vikombe kwenye PS4 yako, tafuta kile kinachotolewa kwa kumaliza hadithi ya gemu yoyote kubwa, utaona pembeni asilimia ya wachezaji waliokipata. Utagundua una wenzako wengi sana.

Sasa neno la mchumba wako, utumwa. Usimjibu kwa ukali, kwa sababu swali lake ni halali na ameliuliza kwa kukujali. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la ICD-11, lililoanza kutumika Januari 2022. Lakini tazama wanachodai: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepita kazi, familia na mambo mengine yote, anaendelea ingawa maisha yanaharibika, na hali hiyo kwa kawaida imedumu angalau miezi 12. Idadi ya saa peke yake haitoshi. Wewe uko dukani kila siku, una mchumba, na malalamiko yako ni kwamba *huna* hamu ya kucheza. Mtumwa wa gemu halalamiki hivyo.

Ila kuna upande mwingine ambao ningekuuliza kama ungekuwa umeketi mbele yangu. Je, ni gemu tu ambazo hazina ladha? Chakula je? Mpira wa Jumapili? Kukaa na huyo mchumba? Unalala, au unaamka saa tisa usiku ukitazama dari? Kama kwa wiki mbili na zaidi karibu kila kitu kimekuwa kijivu, usingizi umeharibika, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, basi gemu ni kisingizio tu na usibaki na makala yangu. Nenda ukaonane na mtu ana kwa ana: Cliniques Universitaires, hospitali ya chuo kikuu, wana madaktari, na kituo cha afya ya akili cha Joseph Guislain kipo hapahapa mjini. Watu bado wanaogopa kuonekana kwenye lango la kituo kama hicho. Ndani utakuta walimu, madereva na mama wa sokoni. Wazo la kujiumiza likija, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo na mtu unayemwamini. Vivyo hivyo ukijikuta unaficha saa unazocheza, unakopa ili ununue gemu, au umekosa kazi kwa sababu ya usiku uliopita kwenye skrini.

Kama hayo yote hayapo, twende kwenye swali tamu: ucheze nini.

Kwanza, usicheze kwa wiki mbili. Kisha chukua kitu kifupi kisicho na farasi wala bunduki. Inside, ya mwaka 2016, inamalizika kwa saa tatu au nne. Ni mtoto anayekimbia upande mmoja wa skrini, hakuna neno hata moja linalotamkwa, na mwisho wake utabishana nao peke yako bafuni. Journey ni fupi zaidi, saa mbili hivi, jangwa na muziki, unaweza kuimaliza jioni moja mchumba akiwa pembeni. Nasema hivyo kwa makusudi: mpe maneti. Mtu akishaiona gemu kutoka ndani, mazungumzo kuhusu utumwa yanabadilika, hata kama bado atataka uzime saa nne.

Baada ya hapo, ukitaka kitu kirefu kidogo, Shadow of the Colossus iliyofanywa upya kwa PS4 mwaka 2018. Majitu 16, na kati ya jitu moja na jingine ni nchi tupu tu. Utaanza kujiuliza mapema kama unachokifanya ni haki. Ina farasi pia, na kwa hali yako sitasema zaidi.

Utashawishika kununua Red Dead Redemption ya kwanza, ambayo ilikuja PS4 Agosti 2023. Inaendeleza maisha ya John Marston mwaka 1911, kwa hiyo utakuwa na mtu unayemjua. Ni gemu ya 2010, ndogo na kavu kuliko uliyotoka, na mwisho wake hauna huruma. Iweke kwa mwakani. Ukiicheza sasa utakuwa unamtafuta Arthur humo, naye hayumo.

Na kuna moja ambayo ningekupa leo kama si konsoli yako: Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Aliyeibuni, Abubakar Salim, ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na aliitengeneza kutokana na kifo cha baba yake. Kijana mganga anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nakuhakikishia kusikia jitu likikutukana kwa lugha ya mama yako ni jambo jingine. Ikitazamwa kama gemu tu, ina kasoro: mapigano yanajirudia, na baadhi ya sehemu za kukimbia zinakuua kwa kosa dogo kisha zinakurudisha mbali. Ni ya saa nane hivi. Haipo kwenye PS4; itafute kwa rafiki mwenye PS5, Switch au kompyuta nzuri. Kwa mtu aliyenyamazia msiba wa aliyemlea, ningeiweka mbele ya zote nilizotaja. Lakini usiianze siku ambayo moyo ni mzito.

Nimalizie na umeme, maana hapo nadhani ulipoteza zaidi ya faili. Konsoli inapohifadhi, inaandika kwenye diski. Ndiyo ile alama ndogo inayozunguka kwenye kona. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linabaki nusu, na konsoli inalikataa lote. Kwa hiyo usitegemee hifadhi ya kiotomatiki peke yake. Katika Red Dead ukitoka kwenye misheni fungua menyu, hifadhi mwenyewe, na tumia nafasi tofauti kila mara. Moja ikiharibika unarudi kwenye ya jana. Mara moja kwa wiki nakili faili kwenye ufunguo wa USB: kwenye mipangilio ya PS4 kuna sehemu ya kusimamia data zilizohifadhiwa na programu, humo utachagua kunakili kwenda USB. Ukihamia PS5 ujue kwamba gemu za PS5 zenyewe hazikubali kunakiliwa hivyo, zinataka hifadhi ya mtandaoni ya kulipia.

Usiiache konsoli kwenye hali ya usingizi ukienda kazini. Gemu iliyosimamishwa hivyo inaishi kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme. Ukikatika, kila ulichofanya baada ya kuhifadhi mara ya mwisho kimeondoka. Ukipata pesa, nunua onduleur, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. PS4 na televisheni ndogo kwa pamoja hula karibu wati 200, hivyo hata ile ndogo itakupa dakika za kutosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Umeme ukikatika chomoa plagi ukutani, na ukirudi subiri kidogo kabla ya kuchomeka, kwa sababu mara nyingi ule unaorudi ndio unaounguza.

Na konsoli ikianza kusuasua baada ya kukatika kwingi: izime kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde saba, unganisha maneti kwa waya, kisha kwenye menyu itakayotokea chagua namba 5, ya kujenga upya kanzidata (orodha ya vilivyomo kwenye diski). Haifuti gemu wala faili zako. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, kwa hiyo soma mara mbili kabla ya kubonyeza.